Kuku Aliyenipimia Nyumba

Niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa diploma yangu yote ya masomo ya jioni, kwamba kuku hawezi kukaa kitako juu ya madini. Ukimweka kwenye sakafu ambayo chini yake kuna shaba au kobalti, atatembea, atatembea, atatembea mpaka kucha zimwishe, kwa sababu madini yanamchoma nyayo kwa moto ambao sisi watu, kwa ujinga wetu wa kuvaa viatu, hatuusikii. Lakini mweke juu ya udongo mtupu, udongo usiomfaa mtu yeyote, basi atakunja miguu, atafumba jicho moja, na atakaa kama mke wa mheshimiwa kwenye karamu.

Elimu hii sikuiokota sokoni. Niliipata darasani. Darasa letu la jioni lilikuwa na madereva, walinzi, mafundi wa magari, na vijana waliochimba mchana na kusoma jioni wakiwa bado na vumbi la shimoni kwenye nyusi. Mmoja wa hao, aliyekaa nyuma yangu, ndiye aliyeninong'oneza habari ya kuku katikati ya somo la kemia. Nikageuka kumtazama mwalimu ili anisaidie kujua ukweli. Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa. Nikachukua kile kichwa kuwa ni kukubali. Kumbe alikuwa amesinzia, maskini, mchana alikuwa na kazi nyingine. Lakini kwangu mimi sayansi ilikuwa imekwisha kuthibitika.

Mtu wa mji mwingine atauliza: sasa, nyumba ikiwa na mali chini yake si jambo la kufurahia? La kufurahia, ndiyo, kwa mwenye nyumba. Kwetu Kolwezi mpangaji anamwomba Mungu ampe udongo maskini. Mimi nilijifunza hivyo katika chumba changu cha kwanza, ambacho kilikuwa chumba kizuri sana kama hukuwa na mwili mkubwa. Jirani yetu alianza kuchimba choo. Hakuna mtu Kolwezi anayechimba kitu kingine nyuma ya ukuta wake; wote wanachimba choo. Choo cha jirani kilikuwa kirefu hata vijana waliokuwa wakiteremka humo walibeba chakula cha mchana na redio. Kisha choo kikapinda, kikapita chini ya ukuta, kikaja kunisalimia. Asubuhi moja niliamka nikiwa nimelala wima: mguu mmoja wa kitanda ulikuwa umezama kwenye sakafu, na kutoka chini nikasikia mtu akikohoa.

Nikamwita mwenye nyumba. Akaja na tochi, akapiga magoti, akachungulia kwenye ufa. Akainuka na machozi machoni. Nikafikiri ananihurumia.

"Mutoto yangu," akaniambia kwa sauti laini ambayo hakuwahi kuitumia siku za kodi, "utatoka lini?"

Nilitoka siku ileile. Vitu vyangu niliviweka kwa rafiki mmoja, tukalala wawili kwenye godoro la mtu mmoja, na mtu huyo mmoja hakuwa mimi.

Hayo yote ningeyavumilia kama isingekuwa uchumba wangu. Nilikuwa na mchumba, fundi wa kushona, msichana mwenye akili nyingi ambaye kwa sababu asizozieleza alikuwa amenikubali. Tatizo halikuwa yeye. Tatizo lilikuwa shangazi yake, dada wa baba yake, mama mnene mwenye kukaa kwenye kiti kana kwamba kiti ndicho kilichoomba. Siku niliyokwenda kujitambulisha aliniuliza ninakaa wapi. Nikajibu kwa ustadi wa mtu aliyesoma: "Kwa sasa, Tantini, niko katika kipindi cha mpito."

"Mupito njo kartie gani?" akauliza, akidhani ni jina la mtaa.

Mchumba wangu akaangalia miguu yake.

"Sikia, mukwe," shangazi akaendelea. "Siye hatutoe mutoto juu ya valizi, juu ya sanduku ya nguo. Mi nitakuja, nione mulango, nione funguo, niingie, nikae. Kama hakuna, yeye anaenda Fungurume kwa kaka yake. Kule iko shofere mumoja ya malori, kila siku anamuuliza. Ule eko na nyumba. Eko na frigo."

Akataja na Jumapili atakayokuja, baada ya ibada. Frigo, yaani jokofu! Mimi nilikuwa na diploma, yeye alikuwa na frigo. Nilijua shangazi angeegemea upande gani wa elimu.

Basi nikaanza kutafuta nyumba ya kupanga, na hapo nikagundua kwamba katika mji wetu kupanga nyumba ni mtihani mgumu kuliko ule wa taifa. Mwenye nyumba hakuonyeshi chumba kwanza. Anakutazama mikono, anakutazama viatu, halafu anauliza: "Uko na bibi?" Ukisema huna, uso wake unafungwa kama duka siku ya ghasia. Kijana asiye na mke, wanasema, hapangi nyumba, anapanga shimo. Anaingia na mkeka na sufuria moja, anafunga dirisha, anapiga redio kwa nguvu, na mwenye nyumba akirudi kuchukua kodi anakuta sebule yake imekuwa kisima na mpangaji yuko chini pamoja na marafiki zake. Watu kama hao wanaitwa kreseri, wachimbaji wa mikono, na kila mwenye nyumba anaweza kukuhadithia habari ya kreseri aliyemeza nyumba ya shemeji yake. Nikiamini hesabu ya hadithi hizo, mashemeji wote wa Lualaba wanalala nje.

Kwa hiyo sikupata nyumba kwa sababu sikuwa na mke, na sikupata mke kwa sababu sikuwa na nyumba. Mtu mwingine angelia. Mimi nilitafuta komisyonere, yaani yule mtu anayekulipisha kwa kukuonyesha nyumba ambayo ungejionea mwenyewe kama ungeinua kichwa. Wangu alivaa miwani myeusi hata ndani ya nyumba zisizo na umeme, na kila chumba alikiita "chateau", yaani kasri. Yeye alikuwa tayari kuniombea kwa wenye nyumba, kuwaambia bibi yangu yuko njiani anakuja, jambo ambalo lilikuwa karibu kweli.

Lakini mimi nilikuwa na sharti langu. Sikutaka tena kuamka wima. Nilitaka nyumba yenye udongo maskini chini yake, nyumba ambayo hakuna choo cha jirani kingeipenda, shangazi aingie, akae kwa uzito wake wote, na sakafu isinong'one kitu. Na njia ya kuipima nilikuwa naijua. Nikaenda sokoni nikanunua kuku.

Nilimchagua kama watu wanavyochagua mganga, kwa uso. Alikuwa na madoadoa na dharau nyingi. Nikamtia katika mfuko wa plastiki wenye mistari, kichwa nje, miguu imefungwa, nikaenda naye kwa komisyonere.

Akateremsha miwani kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Tata, ile njo nini?"

"Kifaa," nikasema.

"Tata, benye nyumba banaombaka garanti ya dola, feza ya kutanguliza. Hapana ya manyoya."

Watu wa sayansi wamechekwa tangu zamani.

Nyumba ya kwanza ilikuwa upande wa kwenda Kingamyambo, ya mzee mmoja mstaafu aliyeendesha mashine kubwa maisha yake yote na sasa akimwagilia maua. Nyumba yenyewe ilinifanya nimeze mate: vyumba viwili, sakafu ya saruji iliyopigwa rangi nyekundu, mlango wa kijani, na funguo mbili, mmoja wa akiba. Mzee akanikubali. Komisyonere alikuwa amemwambia bibi yangu amebaki kidogo tu kufika. Nikaomba ruhusa, nikamfungua kuku kamba, nikamweka katikati ya sebule.

Akatembea. Alitoka mlangoni akaenda dirishani, akatoka dirishani akaenda ukutani, akazunguka, akarudi, akaacha alama yake kwenye saruji nyekundu, akaendelea. Nilimwangalia moyo ukiniuma, maana nilikuwa nimekwisha kuupenda ule ufunguo wa akiba.

"Inatafuta nini?" mzee akauliza.

Nikamshika bega, kwa heshima, kama daktari anayeleta habari nzito. "Tata, unisamehe. Nyumba yako iko na mali chini. Mi siwezi kuipanga."

Mzee aliinama. Aliitazama sakafu yake. Nilipogeuka langoni alikuwa bado anaitazama.

Nyumba ya pili ilikuwa ya fundi mmoja wa magari. Vyumba vidogo, dirisha moja linalotazama ukuta, lakini nikamweka kuku chini na kuku, baada ya hatua chache, akakunja miguu akakaa. Nilisikia joto la furaha toka kisigino. Nikapiga magoti karibu naye. Nikapiga sakafu kwa vidole, kwa mapenzi tu, kusikia umaskini wake.

"Imekaa!" nikapaza sauti. "Imekaa!"

Fundi akatokea mlangoni na spana mkononi. Akaniona nimepiga magoti. Akamwona kuku. Akaona vidole vyangu vikigonga saruji.

"Nyumba imepata mutu," akasema.

"Lini?"

"Sasa hivi."

"Nani, tata? Tuko hapa siye wawili na kuku."

"Ndugu yangu. Anatoka Kisenge."

Nikampongeza kwa kupata ndugu, nikaondoka. Sikushuku kitu. Nyumba ya tatu, kuku kabla hata hajagusa chini, mwenye nyumba akakumbuka kwamba ana binamu anakuja kutoka Kisenge. Nyumba ya nne, mjomba, kutoka Kisenge. Ya tano, mama mmoja alinitazama kupitia tundu la lango, akaona kichwa cha kuku kwenye mfuko, akapiga kelele kwamba watoto wake wote wanarudi kutoka Kisenge na hakuna hata pa kuweka kijiko. Nikaanza kuuonea huruma ule mji. Kwa jinsi watu walivyokuwa wanauhama, niliona kule Kisenge yamebaki mawe ya manganizi wanayochimba na mbuzi tu.

"Wenye nyumba wa siku hizi wanachukia vijana wasio na wake," nikamlalamikia komisyonere. "Ubaguzi mtupu."

Komisyonere alikuwa anatembea hatua kadhaa mbele yangu, kama mtu anayetaka barabara imwone peke yake. "Tata," akasema bila kugeuka, "batu banaongea."

"Wanaongea nini?"

"Banakuita Tata Kuku, baba ya kuku. Na ule muzee ya mulango ya kijani eko anakutafuta na muti ya jembe."

"Mimi? Nilimtendea nini zaidi ya kumwambia ukweli?"

Basi akanisimulia. Mzee alikaa na habari yangu siku nzima bila kula. Kesho yake akaita vijana, wakavunja ile sakafu nyekundu, wakachimba sebule. Hawakupata shaba, hawakupata kobalti. Walipata bomba la maji, na wakalipata kwa sululu. Mtaa mzima ulifua nguo bure. Mimi nawaambia, maji yalijaa hata mtu angeweza kufuga samaki kwenye chumba cha kulala na kuwavua bila kutoka kitandani. Maua tu ndiyo yalifurahi.

Nikaumia kwa ajili ya mzee, lakini imani yangu haikutikisika hata kidogo. Hakuchimba vya kutosha, nikasema. Komisyonere akavua miwani, akaifuta, akanirudishia nusu ya pesa yake, jambo ambalo halijawahi kuonekana kwa komisyonere yeyote chini ya jua, akaniaga kama anayemuaga mgonjwa.

Ikabaki siku moja kabla ya Jumapili ya shangazi. Jumamosi hiyo mchumba wangu aliacha cherehani akaja mwenyewe, na kitambaa kichwani kilichofungwa kama cha mtu anayekwenda kupigana. Alikuwa amesikia kuhusu nyumba moja kupitia mteja wake: vyumba viwili nyuma ya nyumba ya mama mmoja Mwislamu, mwenye asili ya Kasongo, anayeuza mchele na mawese. Mume wake alikuwa msafirishaji, daima yuko njiani na lori.

Tulipokutana alitazama mfuko wangu.

"Umeileta tena."

"Bila yeye tutajuaje?"

"Sikia," akasema, na hakuinua sauti, na hilo ndilo lililonitisha. "Valizi yangu Tantini ameshaifunga. Nimeiona kwa macho yangu. Mi sipendi Fungurume, sipendi shofere, sipendi frigo yake. Napenda weye, hata sijue juu ya nini. Lakini leo kama unakatala nyumba juu kuku inatembea, mi mwenyewe nitaibeba ile valizi."

Nikacheka kidogo, ili nisije nikafanya kitu kingine. Tukaenda, yeye mbele, mimi na kuku nyuma.

Yule mama tulimkuta uani, amekaa kwenye mkeka, ungo mapajani, anachambua mchele. Alitukaribisha bila kuinuka. Akauliza majina ya wazee wetu, kazi zetu, kama tunakunywa pombe, kama tunapiga redio. Mchumba wangu akajibu kwamba bado hatujaoana na kwamba shangazi yake anakuja kesho kuangalia. Aliutoa wote ule ukweli kwa pumzi moja, mimi nikiwa nimekwisha kuandaa uongo mzuri sana wa bibi aliye njiani.

"Muzuri," mama akasema. "Ingieni, muangalie."

Vyumba vilikuwa safi, vimepakwa chokaa. Sakafu ya saruji ilikuwa nzima, bila ufa hata mmoja. Mlango uliingia kwenye fremu yake bila kupigwa teke. Mchumba wangu alisimama pembeni akapima ukuta kwa macho, na nikajua anapima mahali pa cherehani. Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nilimfungua kuku kamba.

Akatembea. Alitembea kuliko kwa mzee, kuliko mahali popote, mdomo wazi, shingo mbele, kona hadi kona, akatoka nje ya mlango, akarudi, akapita katikati ya miguu yangu. Sijawahi kuona sakafu yenye madini mengi namna ile. Kwa mwendo ule chini yetu palikuwa na shaba ya kutosha kuezekea Afrika nzima. Nikamtazama mchumba wangu. Hakuwa anamtazama kuku. Alikuwa ananitazama mimi, na mikono yake ilikuwa imekwisha kukaa vile mtu anavyoiweka kabla ya kubeba mzigo.

"Mama," nikamwambia mwenye nyumba, "nyumba ni nzuri. Lakini..."

"Lakini nini?" Alikuwa amesimama mlangoni na ungo wake. "Na ile kuku inapima nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza vizuri, tangu moto wa madini hadi nyayo, na nikamtaja mwalimu wa kemia kama shahidi. Alinisikiliza hadi mwisho bila kucheka. Kisha akachukua mchele kidogo kwenye ungo, akautupa sakafuni, akasukuma kwa mguu bakuli la maji lililokuwa nje ya mlango. Kuku alikimbia. Alikula kama mtu aliyetoka jela, akanywa, akainua kichwa, akanywa tena. Halafu, katikati ya chumba, juu ya shaba ya kuezekea Afrika nzima, akakunja miguu, akafumba jicho moja, akakaa.

Mchumba wangu aliachia mikono yake ikaning'inia.

"Kuku inatembeaka juu eko na njaa, baba," yule mama akasema. "Unaifunga kwa mufuko siku muzima, unaishusha fasi, pahali haijue, itafanya nini? Madini hakuna hapa, bwana yangu alichimba choo, choo ya kweli, akakuta udongo tu. Na nyumba za batu, haukuzikosa juu hauna bibi. Ulizikosa juu ya kuku. Kila mutu aliyekuona na ile kuku alisema uko kreseri, unatafuta fasi ya kutoboa. Hata miye, kama ungekuja peke yako nayo, ningekwambia nyumba imepata mutu. Sasa kuku inabakia hapa, kesho tutamupikia tantini. Shika funguo."